Nani Mwenye Haki ya Damu? Hallaj wa Salah Abdul-Sabur na Upanga wa Dola

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishindana na neno moja. Si neno geni kwa msomaji wa pwani: ni haki, tulilolipokea kutoka Kiarabu na tunalolitumia kila siku sokoni, barazani na mahakamani. Nilikutana nalo upya nilipojaribu kuitia katika Kiswahili tamthilia ya kishairi ya Salah Abdul-Sabur, Ma'sat al-Hallaj, yaani Msiba wa Hallaj. Kila nilipolifikia, kalamu ilisimama. Kwa Kiarabu neno hilo hubeba mambo matatu kwa pamoja: ukweli, stahiki ya mwenye kudai, na jina mojawapo katika majina matukufu ya Mwenyezi Mungu. Masimulizi mashuhuri yanasema kwamba Hallaj aliponzwa na kauli yake, "Ana al-Haqq". Nao waliomhukumu walimwua kwa jina la haki. Kiswahili kimeigawa mali hiyo mafungu: ukweli tumeuita hakika, stahiki tumeiita haki, na jina la Mola tumeliacha katika Kiarabu chake. Kwa hivyo msomaji wa Kiswahili hasikii, kama asikiavyo Mwarabu, kwamba mshtakiwa na hakimu wanagombania neno lile lile.

Naandika makala haya kwa kuwa naamini shida hiyo ya mfasiri ndiyo shida yenyewe ya tamthilia. Abdul-Sabur anatuuliza swali ambalo sisi watu wa visiwani, wenye kupenda mashairi na kuhudhuria darsa, hatuwezi kulikwepa: dola inapomwua mtu kwa hukumu, inadai haki ya nani? Yake yenyewe, ya watu, au ya Mungu?

Mtunzi huyu alizaliwa Misri mwaka 1931 na kufariki mwaka 1981. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shairi huru nchini mwake, na tamthilia hii, iliyotoka katikati ya miaka ya 1960, ndiyo ya kwanza katika tamthilia zake. Wahakiki wengi wameona ndani yake athari ya T. S. Eliot, aliyetunga tamthilia juu ya kuuawa kwa Askofu Becket, na Khalil Semaan alipoifasiri kwa Kiingereza mwaka 1972 aliipa jina lenye kuikumbusha kazi hiyo. Ulinganisho huo una faida, lakini una mpaka. Becket alivamiwa kanisani na wapanda farasi wanne wa mfalme, akauawa pasi na kesi. Hallaj alipewa kesi. Palikuwa na makadhi, mashahidi, karatasi na muhuri. Msiba wa Misri, kwa hiyo, ni msiba wa kisheria, na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Pazia linapofunguka, mzee amekwisha kuuawa. Ametundikwa mtini, na wapita njia watatu wanasimama kumtazama: mfanyabiashara, mkulima na khatibu. Mmoja anataka kisa cha kumpelekea mkewe, mwingine anaulizia kwa udadisi tu, na khatibu anatafuta mawaidha ya khutba ya Ijumaa. Wanauliza, nani kamwua? Kundi la mafukara wa mji linajitokeza na kukiri kwamba wao ndio waliomwua, kwa maneno. Kila mmoja alipewa dinari ya dhahabu, wakapangwa safu, wakaambiwa wapige kelele kwamba huyu ni kafiri na damu yake wanaibeba wao shingoni. Halafu linakuja kundi la masufi, nalo linakiri kwamba limemwua kwa maneno, kwa sababu liliyapenda maneno yake kuliko lilivyompenda mwenyewe. Abdul-Sabur ametupa mwisho mwanzoni, ili tusipoteze muda kujiuliza kama mtu atapona. Linalobaki ni kujua damu ilivyogawanywa mpaka pasiwe na mkono hata mmoja uliolowa.

Historia iliyo nyuma ya mchezo inajulikana vizuri. Husayn bin Mansur al-Hallaj aliuawa Baghdad mwezi Machi 922, Dhul-Qaada ya mwaka 309 Hijria, zama za Khalifa al-Muqtadir, baada ya kuzuiwa karibu miaka tisa. Waziri aliyeshikilia kesi yake, Hamid bin al-Abbas, alikuwa mtu wa nafaka na kodi, na mjini kulikuwa na ghasia kwa sababu ya bei ya chakula. Sababu ya hukumu ilipatikana katika maandishi yaliyosema kwamba asiyeweza kwenda Hija aweza kutenga mahali nyumbani kwake, akapazunguka, kisha akawalisha na kuwavisha mayatima. Wanahistoria wanasimulia kwamba Kadhi Abu Umar, wa madhehebu ya Imam Malik, alipokuwa akimkemea mshtakiwa alitamka kwamba damu yake ni halali. Huenda lilikuwa neno la ghadhabu. Waziri akalidaka, akamtaka kadhi aliandike. Kadhi akajaribu kukwepa. Waziri akamsogezea wino. Mashahidi wakatia saini, na Khalifa akaidhinisha.

Mwandishi mwingine angeridhika na tukio hilo la wino, kwani ni tukio tayari kwa jukwaa. Abdul-Sabur ameliacha na kubuni jingine lililo kali zaidi. Katika mahakama yake kuna makadhi watatu: Abu Umar, Ibn Sulayman na Ibn Surayj. Mashtaka yanaanza na uchochezi: mtu huyu amewatia mafukara maneno mabaya juu ya watawala. Hallaj anajieleza, na Ibn Surayj anamsikiliza kwa insafu. Kesi inapoanza kuelemea upande wa mshtakiwa, inaletwa barua ya waziri. Sultani, inasema barua, amesamehe. Kosa dhidi ya dola limefutwa. Lakini iko haki ya Mungu, na hiyo sultani hana uwezo wa kuisamehe; mtu huyu na ahukumiwe kwa itikadi yake.

Naomba msomaji alitazame jambo hili polepole, maana ndipo palipo roho ya tamthilia. Fiqhi tuliyosomeshwa inatenganisha haki za Mungu na haki za waja. Katika mauaji ya makusudi mwenye dai anajulikana: ni walii wa aliyeuawa. Aweza kudai kisasi, aweza kupokea dia, aweza kusamehe kabisa, na Qur'ani inamvuta kwenye msamaha na kumkataza kuvuka mpaka. Mlango wa rehema umewekwa mikononi mwa mtu mwenye jina na machozi. Katika zile haki zinazoitwa za Mungu, mafakihi waliweka mlango mwingine: shaka, hata ndogo, huiondoa adhabu, na imamu kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Mgawanyo huo, kwa asili yake, uliwekwa kumfunga mtawala. Waziri wa Abdul-Sabur ameupindua. Anajivua dai lake mwenyewe, ambalo angeweza kulisamehe, na kulivaa dai la Mungu, ambalo anasema hana ruhusa ya kulisamehe. Mwenyezi Mungu amefanywa mdai katika kesi asiyoifungua, na wakili wake ni mtu mwenye ghala la nafaka.

Hapo ndipo Ibn Surayj anapoinuka. Hoja yake ni fupi: imani ya mja ni baina yake na Mola wake, na hakuna kadhi aliyepewa kipimo cha kupimia yaliyomo moyoni. Wenzake wanaposhikilia kuendelea, anajiuzulu kiti chake na kutoka. Kesi inaendelea bila yeye, na mwisho umati unaitwa kutamka hukumu ambayo makadhi hawataki kuonekana wameitamka.

Wapo waliomlaumu mtunzi kwa kumtia Ibn Surayj katika kikao hicho, kwa kuwa kihistoria hakuwapo. Wanasema kweli. Ibn Surayj, imamu mkubwa wa Kishafii katika Baghdad ya zama zake, alifariki mwaka 306 Hijria, yaani 918, miaka karibu minne kabla ya Hallaj kuuawa. Yeye alihusika na kesi ya awali, pale mshtaki mmoja wa madhehebu ya Dhahiri alipotaka Hallaj ahukumiwe, na jawabu lake lilikuwa kwamba mambo ya ilhamu ya kisufi hayamo katika mamlaka ya mahakama. Abdul-Sabur amemfufua maiti na kumkalisha kitini. Mimi naona hilo ni jambo bora kabisa alilolifanya katika kazi hii. Kikao cha 922 kilikosa mtu wa kusema kwamba damu hii si yetu kuichukua, na mshairi akaenda kumtafuta aliyewahi kulisema, hata kama ilibidi amtoe kaburini.

Kwetu sisi jambo hili lina ladha ya pekee, kwani pwani hii ni ya Imam Shafi. Tumekulia katika vitabu ambavyo mnyororo wake unapitia kwa Ibn Surayj, na wengi wetu hatukuambiwa kwamba katika mnyororo huo yumo kadhi aliyejua mpaka wa kiti chake. Hata hitilafu ya madhehebu ilikuwa na uzito wa roho ya mtu: kwa kauli mashuhuri ya Imam Malik, zindiki hauliwi na toba, kwa Imam Shafi, toba yake hupokewa. Waziri mwenye haja ya maiti alijua aende kwa kadhi yupi.

Hapa mfasiri anakutana na kizingiti kingine. Zindiki wa Kiarabu ni mwenye itikadi potofu iliyofichwa. Neno hilo limeingia pwani likawa mzandiki, na kwetu mzandiki ni mnafiki na mwongo. Nikiandika kwamba Hallaj alishtakiwa kwa uzandiki, msomaji wangu ataelewa kwamba alishtakiwa kwa unafiki, na atatazama huku na huku jukwaani akiuliza mnafiki ni yupi baina ya aliyefungwa minyororo na aliyeleta barua. Nimeamua kuliacha kosa hilo lisimame. Kiswahili kimemhukumu waziri bila ya mimi kuongeza neno.

Isidhaniwe kwamba mtego wa barua ile ni wa watu wa dini peke yao. Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant alitoa mfano ambao msomaji wa kisiwani ausome mara mbili. Tuseme, alisema, watu wa kisiwa fulani wamekubaliana kuvunja jamii yao na kutawanyika duniani. Kabla ya kupanda majahazi ni lazima kwanza wamwue muuaji wa mwisho aliyebaki gerezani, ili damu isiwabakie wao. Hakuna tena dola ya kulindwa, hakuna jirani wa kuogofywa, na bado mtu lazima afe, kwa sababu Haki inadai. Haki hiyo haina walii anayeweza kulainika wala mlango wa shaka. Miaka 33 kabla yake, mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milano alikuwa ameuliza swali la nyuma yake: watu walipoitoa sehemu ya uhuru wao wakaikabidhi dola, yupo aliyemkabidhi mwenzake ruhusa ya kumwua? Mtu hawezi kukabidhi asichokimiliki. Ukiyasoma maneno ya Beccaria baada ya tamthilia hii, utamsikia Ibn Surayj akikusanya joho lake na kutoka.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo la Baghdad ya kale. Tarehe 18 Januari 1985, katika gereza la Kober, Khartoum, alinyongwa Mahmoud Muhammad Taha, mzee wa zaidi ya miaka 70. Alikamatwa kwa sababu ya waraka uliopinga sheria zilizotangazwa na Rais Nimeiri mwezi Septemba 1983. Mashtaka ya mwanzo yalikuwa ya kisiasa: kuichafua katiba na kuchochea dhidi ya dola. Kesi ilipofika mahakama ya rufani, kosa lilikuwa limebadilika jina na kuwa kuritadi, na mlango wa toba ukafungwa kwake. Rais akaidhinisha. Miezi mitatu haikutimia Nimeiri akapinduliwa, na mwezi Novemba 1986 Mahakama Kuu ya Sudan ikatamka kwamba kesi ile ilikuwa batili. Sina haja ya kukubaliana na mafundisho ya Taha, na katika mengi sikubaliani nayo. Ninachokiona ni barua ya waziri, iliyoandikwa na mshairi Cairo miaka 20 kabla, imesomwa tena neno kwa neno katika mahakama ya watu wa kweli, na safari hii hapakuwa na kadhi wa kufufuliwa.

Nimeisifu tamthilia, sasa niseme inaponiudhi. Hallaj wa Abdul-Sabur anakipenda kifo kupita kiasi. Katika sehemu ya pili, gerezani, anapoulizwa kwa nini asikimbie au asishike silaha, anatoa jawabu zuri: atapata wapi upanga wenye macho? Upanga ni kipofu. Ukiinuliwa na dhalimu au na aliyedhulumiwa, haujui shingo ya nani iko mbele yake. Fikra hiyo ingetosha kuubeba mchezo mzima, maana ndiyo hoja kubwa kuliko zote dhidi ya adhabu ya kifo, iwe imetolewa na khalifa au na baraza la wananchi. Lakini mtunzi hakai nayo. Shujaa wake anaanza kukitamani kitanzi kama bwana harusi anavyoutamani usiku wake, na kufa kwake kunakuwa ni ukamilifu wa maneno yake. Sisi tunaotazama tunalia kwa raha. Dola nayo inapata nafuu isiyoistahiki, kwa sababu imemwua mtu aliyetaka kuuawa.

Hapo namkumbuka Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Naye anakabiliwa na kifo kwa kosa la maneno, kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na mshtaki wake ni waziri mwenye jina la Majivuno. Karama hatamani kufa. Anasimama siku sita akijitetea, anawataja mmoja mmoja wajumbe waliotumwa na nchi yao kisha wakafungwa waliporudi, na anailazimisha mahakama imsikilize. Wapo wanaosema kwamba mwisho wa Kusadikika, ambapo mfalme anasikia na wafungwa wanaachiwa, ni mwepisi kuliko maisha yalivyo. Huenda. Lakini Shaaban Robert amelinda jambo moja ambalo Abdul-Sabur ameliachia liponyoke: kwamba mshtakiwa ana haki ya kuishi hata kama yeye si walii wa Mungu, na kwamba kujitetea ni heshima.

Maana wanaosubiri kitanzi duniani wengi wao hawana kauli ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, na Kenya tangu 1987, lakini hukumu yenyewe haijafutwa katika sheria za nchi hizo. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania aliamua kwamba adhabu hiyo inapingana na katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaamua vingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa hukumu ya kifo isiyomwachia jaji hiari, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema hivyo hivyo kuhusu sheria ya Tanzania. Msomaji wa Abdul-Sabur anaelewa haraka ubaya wa hukumu ya lazima: ni mahakama ambayo barua ya waziri imekwisha kuandikwa ndani ya sheria, na Ibn Surayj hana hata nafasi ya kuinuka.

Jioni moja niliwasomea rafiki zangu wa baraza sehemu ya gereza. Humo askari anampiga Hallaj mijeledi ili apige kelele. Mzee hapigi kelele, na askari anavunjika moyo, analia na kuomba radhi. Nilisoma kwa sauti ya kujitahidi, kwa kuwa niliona tafsiri yangu ya hapo imekaa sawa. Mzee mmoja kati yetu aliwahi kuwa askari jela katika ujana wake, na si mtu wa maneno mengi. Nilipomaliza alikaa kimya kwanza, kisha akasema, "Maalim, huyo askari wako kalia upesi. Sisi hatukulia. Tulikwenda majumbani kwetu tukala."

Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani nikaifungua tena sehemu ile, na tangu siku hiyo naiona kuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mchezo. Mtunzi aliyejua kwamba damu hugawanywa ili isimlemee yeyote, aliyetuonyesha mafukara na dinari zao, masufi na mapenzi yao, kadhi na karatasi yake, alipofika kwa mwenye mjeledi alimpa machozi na kumwachilia. Katika ukumbi wa kweli askari huenda akala, khatibu akapata khutba yake, na sisi washairi tukapata shairi.

Hata hivyo naendelea kuifasiri. Neno haki nimeliacha vile vile kila mahali, katika kinywa cha Hallaj, katika barua ya waziri na katika hoja ya Ibn Surayj, ijapokuwa najua msomaji atajikwaa mara tatu. Ajikwae, asimame, aulize ni haki ya nani.